Diski Sita Zenye Umri Mmoja

Namba zote sita zilikuwa zinalingana, na yeyote anayeijua kazi ile angekuambia kwamba hazikupaswa kulingana.

Fundi alizitazama kwenye kioo cha kompyuta, akakifuta kioo kwa mkono wa sweta lake, akazitazama tena. Tisini na saba. Tisini na saba. Hivyo hivyo mpaka ya sita. Hospitalini walimwita Sweta, maana chumba chake kiliwekwa baridi mwaka mzima kwa ajili ya mashine, na wenzake walipokuwa wakijipepea kwa mafaili huko nje, yeye alipita kajifunika kama mwenye homa. Kazi yake ilikuwa kutunza picha za wagonjwa: za mifupa, za mapafu, za watoto walio tumboni. Picha za miaka kumi na moja zilikaa ndani ya diski sita, kwenye kabati la chuma lisilofika kifuani.

Diski hizo si zile za zamani zenye sahani inayozunguka. Hizi hazina sauti kabisa, ila zina umri. Kuzisoma hakuzichoshi. Kuziandikia ndiko kunakozila, kila picha mpya inapunguza uhai kidogo, mpaka diski inafika mia kwa mia na kugoma. Fundi aliyemtangulia, kabla hajastaafu, alimfundisha jambo moja akalirudia mpaka likachosha masikio: ndugu hawa wasizeeke pamoja. Mmoja umbebeshe sana, mwingine kidogo, wapishane umri kama watoto wa nyumba moja. Akifa mmoja, watano waliobaki wanakumbuka yote aliyokuwa nayo, na diski mpya ikiingia wanaijaza. Wakifa wawili kwa siku moja, hakuna tena wa kukumbuka. Ndiyo sababu kila siku saa tisa alasiri fundi alitakiwa kukaa mbele ya kabati, asome namba sita, ahamishe mzigo ili ziendelee kupishana, aandike kwenye daftari, atie sahihi.

Sweta alikuwa hajakaa mbele ya kabati lile kwa miezi kumi na minne.

Alikuwa akitegea, hakuna jina jingine. Saa tisa ikifika alijipenyeza kwenye stoo ya mashuka, akapanda juu ya marundo yaliyofuliwa, akalala saa nzima. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na kazi ya pembeni, hakuonewa na mtu. Angekuwa na sababu, hata ya kijinga, angejitetea nayo mbele ya nafsi yake. Daftari alilijaza kwa kubuni. Mwanzoni alibuni kwa bidii, namba zikipishana vizuri kama za kweli. Baadaye uvivu uliingia mpaka kwenye uongo wenyewe. Akawa anajaza ukurasa wa mwezi mzima kwa mkupuo, safu zote sita namba moja, na kwenye ukurasa wa mwisho akaongeza moja kila siku, ilhali diski ya kweli huchukua wiki nyingi kupanda hiyo moja. Mkuu wa kitengo alitia sahihi yake chini bila kusoma, na mara mbili alimsifu kwa mwandiko.

Jumatatu ile alifungua namba kwa ajili ya dada yake tu.

Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa na uvimbe mdogo kifuani, na kwa miaka mitano alipigwa picha hapo hapo hospitalini. Alhamisi daktari angezipanga picha zote, ya kwanza hadi ya mwisho, aamue: ukiwa umekua, apasuliwe, ukiwa haujakua, aachwe apumzike. Bila zile za zamani, daktari angekuwa anabahatisha tu, na mwenye kulala mezani chini ya kisu angekuwa dada.

"Nichungulie kama zipo," dada alikuwa amemwambia asubuhi. "Si kwamba nina wasiwasi, mdogo wangu. Ziko mikononi mwako, mimi niogope nini?"

Picha zilikuwepo, lakini zilifunguka kwa kusuasua, ndipo akatazama umri wa diski. Kisha akavuta daftari. Mstari wa Jumatatu ulisema tisini na saba, mara sita, kwa mwandiko wake, na aliuandika wiki tatu nyuma akiwa anapiga miayo. Alishuka kwa kidole. Jumanne tisini na nane. Jumatano tisini na tisa. Alhamisi mia moja, safu zote, na hapo ukurasa uliishia.

 Aliuchana ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni, akaenda nao nyumbani. Usiku hakumwambia mtu. Jumanne asubuhi mfuko ulikuwa mtupu na ukurasa ulikuwa ndani ya daftari, umeshonwa vizuri, na namba kwenye kioo zilisema tisini na nane.

Alijaribu kuokoa alichoweza. Alichomeka flashi kwenye kompyuta, akanakili picha za dada peke yake, aibu ya kuwaacha wengine akaimeza. Alipozifungua ili ahakikishe, hazikuwa za kifua cha dada. Zilikuwa na ule weusi na weupe wa picha za hospitali, mifupa imeng'aa, nyama imekuwa kivuli, na zilimwonyesha mtu amelala kwa ubavu juu ya vitambaa vilivyokunjwa, magoti kayavuta, mdomo wazi. Picha ilipigwa kutoka juu. Pembeni palikuwa na tarehe, na saa ilikuwa tisa na dakika kumi. Akafungua ya pili. Tarehe nyingine, mtu yule yule. Akafungua ya ishirini. Kumbe diski hazikuliwa na picha za wagonjwa. Kuna aliyekuwa akiandika humo usingizi wa Sweta, siku kwa siku, maelfu kwa maelfu, akizisawazisha diski sita mpaka zote zikalingana na daftari.

Saa tisa ilipofika hakwenda kulala. Alisimama nje ya chumba chake mwenyewe, kwenye mlango wenye kidirisha cha kioo chenye upana wa kitabu, na kabla hajachungulia alisikia harufu ya mashuka yaliyofuliwa kisha yakalaliwa, harufu ya usingizi wake mwenyewe, ikitoka chini ya mlango pamoja na ubaridi, na nyuma ya harufu kulikuwa na mlio wa msasa ukisugua mbao, taratibu, bila kupumzika, kutoka kwenye kabati lisilo na kitu chochote cha kusuguana ndani yake, na alipoweka jicho kwenye kioo aliona kwamba kiti chake kina mtu, mtu aliyekaa wima kama anavyopaswa kukaa mfanyakazi, amempa mgongo, anasoma namba kwa kunong'ona na kuziandika moja moja, na kisogo chake kilikuwa kisogo ambacho Sweta hajawahi kukiona maishani lakini alijua bila kuambiwa kwamba ni chake, na mtu yule alipomaliza kuandika alitia sahihi, akaweka kalamu pale pale anapoiweka Sweta, kisha akanyanyua mkono wa simu ya mezani, akabonyeza namba bila kuzitafuta, akaanza kuongea kwa sauti ya chini, kwa upole, akitikisa kichwa kukubali mara kwa mara kama mtu anayesikiliza kwa moyo wake wote.

Sweta hakuingia. Aliondoka akipapasa ukuta.

Jioni alikwenda kwa dada, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Dada alikuwa anakunja nguo.

"Leo umenipigia ukiwa na mafua," dada alisema. "Sauti ilikuwa nzito."

"Nani?"

"Wewe, nani mwingine? Saa tisa na kitu, kama kawaida yako." Alikunja gauni, akalilaza juu ya mengine. "Sikuwahi kukushukuru, nikukumbushe leo. Ile siku ya sindano, waliponichoma kifuani wachukue kipande wakapime, nilikaa na simu mapajani tangu saa nane. Nilisema, huyu akinipigia nitaingia. Asiponipigia narudi nyumbani, liwalo na liwe. Ukapiga. Hayo uliyoniambia siku ile ndiyo yaliyonivusha."

Sweta alitafuta kichwani siku hata moja aliyowahi kumpigia dada kutoka kazini. Hakuipata. Siku ya sindano aliikumbuka kwa jambo moja tu, kwamba mashuka yalikuwa bado na joto la pasi.

"Hata mama hakuwa ananiuliza hivyo," dada alisema. "Kama nimekula, kama nimelala, kama bega linauma. Umekuwa mtu mzima, mdogo wangu."

Hapo ndipo angesema.  Aliona jinsi uso wa dada ulivyotulia, akaona kitakachoupata ule uso akisema, akachagua njia ya mwoga.

"Ndiyo, dada," alisema. "Nilikuwa na mafua kidogo."

Alfajiri ya Jumatano alipanda ngazi kwa Mama wa Ghorofani, mganga aliyekaa juu ya duka la magodoro. Nusu ya hospitali ilimwendea kwa siri, madaktari wakiwemo, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Hakufukiza kitu. Alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, akamwacha aseme yote, na Sweta aliyasema akiangalia zulia: daftari, mashuka, picha, kisogo, simu.

"Mimi natoa wavamizi," mganga alisema kwa sauti ya chini, maana ukuta ulikuwa mwembamba. "Anayeingia kwa watu bila hodi, huyo dawa yake naijua. Wako hakuvamia. Wewe uliandika kwamba kila saa tisa kuna mtu kwenye kiti kile, ukatia sahihi. Akaja akakaa. Huyu kaajiriwa."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu. Anafanya ulichoacha. Namba ulizoandika anazitimiza, hajui kama ni za uongo. Kwake yeye, ulichotilia sahihi ndicho kilichopo."

"Anatokaje, mama?"

"Anafukuzwa na aliyemwajiri. Chukua daftari, wasomee uliowadanganya. Mstari kwa mstari, wakikusikia. Useme, siku hii sikuwepo. Na usibakize. Popote utakapobakiza ndipo atakapokaa."

"Nitapoteza kazi."

"Mficha uchi hazai," mganga alisema. Kisha akamtazama kwa mara ya kwanza, karibu amcheke. "Halafu kazi gani hiyo unayoiogopea? Mbona ina mwenyewe."

Saa nne asubuhi namba zilisema tisini na tisa. Sweta aliwaita mkuu wa kitengo na wapiga picha wawili wakaja kwenye chumba cha baridi. Walidhani kuna diski ya kubadilisha. Akafungua daftari ukurasa wa kwanza wa miezi ile kumi na minne, akasoma tarehe, akasema: "Nimeandika nilikagua. Sikukagua. Nilikuwa nimelala stoo ya mashuka." Akasoma tarehe iliyofuata.

Mpiga picha mmoja alicheka, akamgusa mwenzake kiwiko. Kufikia mwezi wa pili kicheko kilikuwa kimeisha. Kufikia wa tano mkuu alivuta kiti akakaa, kwa sababu chini ya kila ukurasa Sweta alisoma pia sahihi ya mkuu mwenyewe, si kwa kumkomoa, ilikuwepo tu. Alisoma mpaka sauti ikakwaruza. Alitokwa jasho ndani ya chumba kile ambacho hakuna aliyewahi kutokwa na jasho humo. Wapiga picha walipofungua diski ili wajiandae kunakili, kioo kikubwa cha ukutani cha kuonyeshea picha kilimwonyesha Sweta akiwa amelala, mifupa mitupu, mdomo wazi, na hakuna aliyemwangalia usoni. Aliendelea kusoma. Alipofika mstari wa jana, harufu ya mashuka ilikuwa imekwisha na picha za usingizi zilikuwa zimetoweka kwenye kioo, moja baada ya nyingine.

Mistari ya Jumatano na ya Alhamisi, ambayo saa yake ilikuwa bado, aliikata kwa kalamu, na safari hii wino wa kukata haukupotea.

Diski mpya zilitolewa stoo kuu. Walinakili mchana kutwa, na zile za zamani zilikaa kwenye tisini na tisa bila kusogea.

"Nenda nyumbani," mkuu alimwambia, akiongea na daftari. "Tutakuita. Au hatutakuita, sijui. Na mimi kuna watu nitatakiwa kuwaeleza."

Alhamisi daktari alizipanga picha tano mbele ya taa. Zote zilikuwepo. Uvimbe ulikuwa ule ule tangu mwaka wa kwanza, haukuongezeka hata kidogo. Dada hakulia, aliomba maji ya kunywa, akanywa glasi mbili, akacheka peke yake.

Sweta alikuwa ameapa kumwambia wakiwa njiani kurudi. Lakini ngazini walikutana na jirani, na dada akaanza kusimulia: mdogo wangu huyu, mnayemwona hivi, kwa miezi hakuna siku aliyoacha kunipigia. Jirani akamsifu. Sweta akatabasamu, uso umemwaka moto. Akajiambia, kesho. Alipoulizwa mbona haendi kazini, alisema amepewa likizo.

Kesho ilikuwa Ijumaa. Dada alikaa kwenye kochi, yeye kiti cha mbele yake, wakizungumza habari za paa linalovuja. Alijiambia akimaliza chai atasema. Alimaliza chai, akamimina nyingine.

Saa tisa na dakika kumi simu ya dada iliita.

Aliipokea kabla hajaangalia anayepiga, kwa mazoea, uso umefunguka. "Nimeshinda salama, mdogo wangu," alisema. "Wewe je, mafua yameisha?"

 Macho yake yalihama polepole kutoka dirishani yakaja kwenye kiti cha mbele yake, na yakabaki pale. Sweta aliisikia sauti ndani ya simu, ndogo lakini safi, isiyo na mafua tena, sauti yake, ikiuliza kama bega lilimwacha alale usiku, kama amekula, kama amemshukuru daktari, ikiuliza na kungoja jibu, na kwenye kungoja kule kulikuwa na subira ambayo yeye hajawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote.

"Dada," Sweta alinong'ona.

Dada alinyoosha kiganja kumzuia, anavyozuiwa mtoto anayekatiza wakubwa. "Kuna mtu hapa ndani," alisema kwenye simu, chini kwa chini. "Simjui. Anafanana na wewe, lakini simjui." Akasikiliza. "Sawa. Fanya haraka."

Alishusha simu bila kuikata.

"Dada, ni mimi. Yule si mtu. Nitakueleza, nilitaka kukueleza tangu juzi."

"Kama ni wewe," dada alisema, "siku ya sindano uliniambia nini?"

Sweta alifungua mdomo. Angeweza kubuni, kubuni alikuwa hodari, lakini kila alilotaka kubuni liliona haya kutoka. Alitazama mikono yake. Chini, mlango wa jengo ulifunguka ukajifunga.

"Sijui," alisema. "Sikuwepo."

Dada alitikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kukasirika. Aliongea naye kwa heshima ile anayopewa mgeni asiyetakiwa.

"Basi nakuomba uondoke, kaka. Mdogo wangu yuko kwenye ngazi."

Aliinuka. Miguu ilimtii kwa urahisi wa ajabu, kama ya mtu aliyeamriwa jambo la haki. Alipofika mlangoni alikuta ufunguo umeshaingizwa kwa nje, na unazungushwa.